Kampuni Ikiisaidia Shule, Kodi Yake Hupungua Kiasi Gani?

Mwaka juzi palitokea ubishi katika shule yetu ya sekondari ya kata. Nimeona niueleze hapa, maana ubishi wa namna hiyo najua upo na huko kwenu.

Kampuni moja ya mjini ilituletea kompyuta sita zilizokwisha tumika, pamoja na sanduku la vifaa vya sayansi. Ndani ya sanduku mlikuwa na mota ndogo ndogo, magurudumu, betri, nyaya na vibao vya umeme. Mwanafunzi anaviunganisha, anaviandikia maagizo kwa kompyuta, na mwisho anapata kijigari kinachotembea chenyewe na kukwepa ukuta bila kushikwa na mtu. Hiyo ndiyo roboti. Roboti si lazima iwe na kichwa na mikono kama mtu. Ni mashine inayopima kilicho mbele yake, halafu ikafanya kazi kwa kufuata maagizo iliyowekewa.

Watoto walifurahi sana. Mwalimu wa fizikia akaanzisha klabu ya kila Jumatano baada ya masomo. Sisi wajumbe wa bodi ya shule tulipiga makofi, tukapiga picha, tukanywa soda na wageni, wakaenda zao.

Basi kwenye mkutano wa wazazi, mzee mmoja akasimama. Akasema: "Ninyi mnawashukuru bure watu hawa. Mwanangu anafanya kazi mjini, ameniambia. Kampuni ikitoa msaada shuleni, Serikali inairudishia fedha zote kwenye kodi. Kwa hiyo hawakutoa kitu!" Mama mmoja akadakia: "Si kweli, mzee wangu. Kodi ni kodi. Mimi nina duka, nilitoa mifuko mitatu ya saruji kwa ajili ya maabara, mbona sikupunguziwa hata senti?" Watu wakagawanyika pande mbili, kelele zikazidi. Mwenyekiti akanitazama mimi, kwa kuwa niliwahi kuwa mtunza hesabu wa chama cha ushirika. Nikasimama nikasema sijui.

Ilinibidi nikaulize na kusoma. Nikakuta kwamba yule mzee alikosea, yule mama alikuwa na haki ya kulalamika, na sisi wa bodi tulifanya kosa kubwa kuliko wote. Kosa letu nitalifikia baadaye.

Mfano wa ushuru wa mnadani

Duniani Serikali nyingi hupunguza kodi ya mtu anayeichangia shule. Lakini kuna njia mbili za kupunguza, na watu huzichanganya. Hebu tuende mnadani.

Tuseme una ng'ombe 10, na ushuru ni shilingi 5,000 kwa kila ng'ombe. Unadaiwa shilingi 50,000. 

Njia ya kwanza: kabla ya kuhesabiwa, ng'ombe mmoja umewapa shule. Karani wa mnada anahesabu tisa waliobaki. Unalipa shilingi 45,000. Umepona shilingi 5,000 za ushuru, lakini ng'ombe amekwenda, na wewe unajua bei ya ng'ombe.

Njia ya pili: ng'ombe wako wote 10 unao, ila umepeleka shilingi 5,000 taslimu shuleni na ukapewa stakabadhi. Unamwonyesha karani. Yeye anasema, "Haya, hizi nazihesabu kama sehemu ya ushuru wako." Unalipa shilingi 45,000. Ulitoa 5,000, umepona 5,000. Mfukoni mwako hakuna kilichopungua zaidi ya ushuru uliokuwa unadaiwa tangu mwanzo.

Umeona? Kwa karani, watu hao wawili wamelipa sawasawa. Lakini nyumbani kwao mmoja amepoteza ng'ombe na mwingine hakupoteza kitu. Njia ya kwanza inapunguza pato linalotozwa kodi. Njia ya pili inapunguza kodi yenyewe. Anayesema "kampuni inarudishiwa" bila kueleza ni kwa njia ipi, hajasema neno.

Njia ya pili: jimbo la Arizona

Nimetafuta mahali ambapo njia ya pili inatumika kwa shule, nikakuta mfano mzuri katika jimbo la Arizona, huko Marekani. Arizona iko kusini magharibi ya nchi ile, inapakana na Mexico. Ni nchi ya joto na jangwa, na mji wake mkuu ni Phoenix. Kule mtu hulipa kodi ya mapato kwa Serikali Kuu iliyoko Washington, na tena hulipa nyingine kwa jimbo lake. Tunayoizungumzia hapa ni hiyo ya jimbo.

Mwaka 1997 Arizona ilitunga sheria ya kuwapunguzia kodi wanaozichangia shule za umma. Mtu asiye na mwenzi anaweza kutoa mpaka dola 200 kwa mwaka, na mume na mke wanaojaza fomu ya kodi pamoja wanaweza kutoa mpaka dola 400. Fedha zile zinaondolewa moja kwa moja kwenye kodi wanayodaiwa na jimbo. Si lazima uwe na mtoto katika shule ile. Wewe unachagua shule, unatoa, unapewa stakabadhi, unaiandika katika fomu. Hata ukichelewa kidogo, mchango uliotolewa mpaka tarehe 15 Aprili unaweza kuhesabiwa katika mwaka uliokwisha. Ukitoa zaidi ya kodi unayodaiwa, sehemu iliyobaki unaweza kuitumia katika miaka inayofuata, mpaka mitano.

Fedha hizo tangu mwanzo zilikusudiwa hasa shughuli za hiari zinazofanyika nje ya masomo ya kawaida: michezo, muziki, safari za kujifunza, na vilabu kama vya sayansi na roboti. Mchangiaji anaweza kusema, "Fedha yangu iende kwa klabu ya roboti," nayo ikaenda huko. Asiposema, baraza la shule ndilo linaloamua.

Kwa nini klabu ya roboti ihitaji fedha za watu namna hiyo? Kwa sababu ni jambo la gharama. Huko Marekani kuna mashindano makubwa yanayoitwa FIRST. Mwanzilishi wake ni fundi mvumbuzi anayeitwa Dean Kamen, aliyeunda chama hicho mwaka 1989. Mashindano ya kwanza yalifanyika mwaka 1992 katika ukumbi wa michezo wa shule moja huko New Hampshire, na timu zilikuwa 28 tu. Siku hizi timu ni maelfu, zinatoka nchi nyingi. Timu ya sekondari ikitaka kuingia, ada peke yake inapita dola 5,000. Hapo bado hujanunua skrubu hata moja, wala hujalipa nauli na chakula cha watoto. Ada ya namna hiyo haitoki katika mfuko wa chaki.

Lakini sayansi haifuati fedha siku zote. Hapo hapo Phoenix, upande wa magharibi, kuna sekondari inayoitwa Carl Hayden, katika mtaa wa watu wa kipato kidogo. Mwaka 2004 wanafunzi wanne wa shule ile, watoto wa familia zilizotoka Mexico na wasiokuwa na vibali vya kuishi Marekani, walitengeneza roboti ya kuzamia majini. Waliiunda kwa mabomba ya plastiki, yale ya maji, wakayaunganisha kwa gundi yenye harufu kali mpaka wakaiita roboti yao jina la kuonyesha kwamba inanuka. Fedha zao zilikuwa kama dola 800. Wakaenda Santa Barbara, California, wakashindana na vyuo vikuu, kikiwamo chuo cha ufundi cha Massachusetts ambacho kinajulikana dunia nzima.

Walipokuwa wakiijaribu kabla ya kushindana, maji yakavuja ndani ya kasha la vifaa vya umeme. Watoto wakafikiri nini kinanyonya maji vizuri, na kinapatikana dukani upesi. Wakaenda kununua pamba za hedhi za akina mama, wakazipanga ndani ya kasha, zikanyonya unyevu wote. Wakashinda. Chuo cha Massachusetts kikawa cha pili. Habari hii iliandikwa kitabu, na mwaka 2015 ikatolewa filamu.

Mimi naisimulia kwa sababu mbili. Ya kwanza inafurahisha. Ya pili, inatuonyesha kwamba akili ya mtoto haiangalii mtaa, lakini mchango unaangalia. Na hapo ndipo penye kasoro ya ile sheria ya Arizona.

Ni nani anayenufaika?

Tufanye hesabu. Kodi ya mapato ya jimbo la Arizona, tangu mwaka 2023, ni asilimia mbili na nusu. Ili mtu adaiwe kodi ya dola 200, lazima awe na pato linalotozwa kodi la dola 8,000. Mwenye pato dogo kuliko hapo anadaiwa kidogo, au hadaiwi kabisa. Akitoa dola 200 kwa shule, mwaka ule hapunguziwi zaidi ya kile anachodaiwa, na jimbo halimpi noti mkononi. Tena yule maskini lazima atoe fedha kwanza, halafu asubiri. Mwenye mshahara mzuri anaweza kusubiri. Mwenye kodi ya nyumba ya mwisho wa mwezi hawezi.

Kuna jambo jingine. Hata ada ambayo mzazi anailipa ili mtoto wake mwenyewe aingie katika klabu inahesabiwa kuwa mchango. Kwa hiyo mzazi mwenye uwezo anailipia safari ya roboti ya mwanawe, na jimbo linamwondolea kodi kwa kiasi kile kile. Kumbe aliyelipa safari ile ni hazina ya jimbo, yaani watu wote, pamoja na wale ambao shule zao hazina klabu!

Ndiyo maana imeonekana mara nyingi kwamba shule za mitaa yenye watu wa kipato kizuri hupata fedha nyingi zaidi kwa mpango huu kuliko shule za mitaa ya maskini. Hakuna aliyeiba. Sheria inamwachia kila mtu achague, na watu huchagua shule iliyo karibu na mlango wao. Watu wa Arizona wenyewe wanabishana juu ya jambo hili. Wako wanaosema kwamba bila mpango huu vilabu vingi vingekufa, na hilo nalo lina ukweli.

Na hapa kwetu je?

Sasa turudi Tanzania, kwa yule mzee na yule mama wa duka. Sisi tunatumia njia ya kwanza, ile ya ng'ombe mmoja kutohesabiwa.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inasema kwamba mfanyabiashara akichangia taasisi ya hisani au mradi wa maendeleo ya jamii, mchango ule unaondolewa katika pato la biashara yake kabla ya kodi kupigwa. Lakini kuna mpaka: usizidi asilimia mbili ya pato lile. Na kampuni kwa kawaida hutozwa kodi ya asilimia 30.

Chukua kalamu na karatasi tuhesabu pamoja. Kampuni imepata faida ya shilingi milioni 100. Isipochangia kitu, kodi yake ni shilingi milioni 30. Sasa tuseme imechangia shilingi milioni 2 kujenga maabara. Asilimia mbili ya milioni 100 ni milioni 2, kwa hiyo mchango wote unakubaliwa. Pato linabaki milioni 98. Asilimia 30 ya milioni 98 ni shilingi 29,400,000. Kodi imepungua kwa shilingi 600,000.

Basi ilitoa 2,000,000, ikapona 600,000. Shilingi 1,400,000 zimetoka katika mfuko wake kweli kweli. Mzee wetu alisema kampuni zinarudishiwa zote. Hapana. Katika kila shilingi 100, kampuni imetoa 70 zake, na Hazina imeacha kuchukua 30.

Kampuni ile ile ikitoa shilingi milioni 5, zinazokubaliwa ni milioni 2 tu. Nafuu inabaki ile ile ya shilingi 600,000. Milioni 3 zilizozidi ni ukarimu wake mwenyewe.

Ila kuna mlango mwingine, na wengi hawaujui. Mwaka 2001 ilitungwa Sheria ya Mfuko wa Elimu, ikaanzishwa Mamlaka ya Elimu Tanzania kuusimamia. Mchango unaotolewa kwa Mfuko huo kufuatana na sheria ile haubanwi na ule mpaka wa asilimia mbili. Kampuni ikitoa milioni 5 kwa njia hiyo, zote zinaondolewa katika pato. Kodi inapungua kwa shilingi 1,500,000. Mchangiaji hupewa hati ya kutambua mchango wake, na hati hiyo ndiyo anayoipeleka kwa Mamlaka ya Mapato. Mimi binafsi mlango huu naupenda kuliko ule wa Arizona, kwa sababu Mfuko unaweza kupeleka fedha kule ambako hakuna mtu mwenye kampuni anayeishi jirani.

Na zile kompyuta sita za kwetu? Hapo yule mzee alikosea hata zaidi. Kompyuta iliyotumika miaka kadhaa, kampuni imekwisha kuitoa kidogo kidogo katika hesabu zake kwa uchakavu. Katika vitabu vyake thamani imebaki ndogo. Huwezi kuitoa kompyuta kuukuu ukaihesabu kwa bei ya mpya. Kwa hiyo nafuu waliyopata, kama waliipata, ilikuwa ndogo.

Sasa yule mama wa saruji. Yeye ana duka dogo, hana mkaguzi wa hesabu. Kodi yake hukadiriwa kwa mauzo ya mwaka, haipigwi kwa faida. Kwa kuwa haihesabiwi faida, hakuna mahali pa kuondolea ile mifuko mitatu ya saruji. Akitoa mfuko au asipotoe, kodi ni ile ile. Mfanyakazi wa mshahara naye ni hivyo hivyo. Mwalimu anayekatwa kodi kila mwezi, akitoa shilingi 50,000 kwa klabu ya sayansi, kodi yake ya mwezi ule haipungui. Nafuu hii ni ya pato la biashara linalohesabiwa kwa vitabu.

Na mkulima je? Wengi mnakumbuka mwaka 2014, ilipohimizwa nchi nzima kwamba kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu: ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Katika kijiji chetu tulichangia kwa kaya. Asiye na fedha alisomba mawe na mchanga. Mke wangu alibeba maji ya kuchanganyia zege kwa siku nne. Hakuna fomu ya kodi yenye mstari wa kuandika ndoo za maji. Sisemi sheria ibadilishwe ili ndoo zihesabiwe, maana sijui nani angezihesabu. Nasema kwamba siku ukuta wa maabara unapoandikwa jina la mfadhili kwa rangi kubwa, watu wakumbuke vizuri nani alitoa shilingi 100 kamili na nani alitoa 70.

Kosa la bodi yetu

Niliahidi kulieleza, nalo ni hili. Tulipopokea zile kompyuta na lile sanduku, hatukuandika kitu. Tulipiga picha tu! Hatukutoa stakabadhi, hatukuandika barua ya kupokea, hatukuviingiza vifaa katika daftari la mali ya shule siku ile. Miezi mitano baadaye mhasibu wa kampuni akapiga simu, akaomba barua inayoonyesha tulipokea nini, lini, na vya thamani gani. Mkuu wa shule aliyepokea alikuwa amehamishwa. Aliyekuja hakujua habari. Barua ikazunguka kutoka meza hii kwenda meza ile mpaka mwaka wa hesabu ukafungwa.

Kampuni ile haikugombana nasi. Ila mwaka uliofuata sanduku la pili likaenda shule nyingine ya wilaya jirani. Dereva wao ndiye aliyetuambia. Vijigari vyetu vikabaki vinne kwa watoto zaidi ya 40, na kidato cha kwanza wakawa wanachungulia dirishani.

Mimi nilikuwa mtunza hesabu wa ushirika miaka 11. Nilikuwa siachii hata gunia moja la pamba lipokelewe bila stakabadhi. Nikaacha kompyuta sita. Aibu yangu.

Kwa hiyo wajumbe wenzangu wa bodi na kamati za shule, mtu akileta msaada, kabla ya soda andikeni. Barua iwe na tarehe, jina la kampuni, na namba yake ya mlipakodi, ile watu wanaita TIN. Itajeni kila kitu na idadi yake: kompyuta ngapi, mota ngapi, nzima au zilizotumika. Thamani waiseme wao wenye mali, ninyi msibuni, na msikubali kuandika thamani kubwa kuliko kitu chenyewe kwa sababu mfadhili amekuomba. Huko ni kumsaidia kukwepa kodi, na saini itakayoonekana ni yako. Mkuu wa shule atie saini na muhuri. Nakala moja iende kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, moja ibaki katika jalada, na vifaa viingizwe katika daftari la mali siku hiyo hiyo. Kama ni fedha taslimu, zisishikwe na mjumbe mkononi. Zilipwe kwa akaunti ya shule kwa utaratibu wa malipo ya Serikali, ili risiti itoke yenyewe. Na kama kampuni inataka kutoa kikubwa kuliko asilimia mbili, waambieni mapema habari za Mfuko wa Elimu, waende kuuliza kabla ya kutoa. Wakishatoa kwa njia ya kawaida, imekwisha.

Angalieni na tarehe. Makampuni mengi hufunga mwaka wa hesabu tarehe 31 Desemba. Mchango wa mwezi wa Januari unaingia katika mwaka mwingine. Kwetu hakuna ile nafasi ya Arizona ya kusubiri mpaka Aprili. Kuomba msaada wiki ya Krismasi ni kuomba wakati fedha za mwaka zimekwisha kugawanywa.

Safari hii tulianza Septemba. Tuliandika barua mbili: moja ya kupokea vifaa vya mwaka juzi, pamoja na kuomba radhi kwa kuchelewa, na nyingine ya kuomba vijigari sita na betri za akiba. Nilizipeleka mwenyewe kwa basi. Mhasibu alikuwa kijana mpole. Alizisoma mbele yangu taratibu, akapiga hesabu kidogo kwenye mashine yake, akaniambia barua ya kwanza haina faida tena kwa kodi, mwaka ule umefungwa, lakini ataiweka katika jalada. Ya pili akaishika, akauliza kama vile vijigari vya kwanza bado vinafanya kazi. Nikamwambia kimoja betri yake imekufa, vitatu vinatembea, na kimoja kati ya hivyo watoto wamekifundisha kufuata mstari wa chokaa sakafuni.

Akaandika kitu pembeni ya barua kwa kalamu ya risasi, akasema turudi tarehe 20 Oktoba.